Nilivyosafisha Kivinjari cha Ofisi

Jumatatu, 9 Juni

Nimeazimia. Kufikia Ijumaa nitakuwa Msimamizi wa Ofisi wa shule yetu ya udereva, na kile kiti cha kuzunguka kitakuwa changu. Msimamizi wa zamani kastaafu mwezi uliopita. Kiti kiko wazi, kimefunikwa mfuko wa nailoni. Tunaokitolea macho ni wawili, mimi na Bi Mhuri.

Nieleze huyu Bi Mhuri ni nani, maana shajara hii inaweza siku moja kuhifadhiwa mahali pa heshima. Ni karani mwenzangu. Tunamwita hivyo kwa sababu mhuri wa ofisi anautunza kwenye mkoba wake, na mkoba haumtoki begani hata akienda kunawa mikono. Kaingia kazini miezi minane baada yangu. Miezi minane! Lakini ananiita kaka yangu, tena kwa sauti ya mtu anayemshusha mgonjwa ngazi.

Leo asubuhi kompyuta ya ofisi ililalamika. Tunayo moja tu. Iliandika pembeni kwamba nafasi ya kuhifadhi inakaribia kwisha, kisha ikaganda. Mkurugenzi akatoka ofisini kwake kuuliza kulikoni. Ni mtu aliyeendesha malori miaka ishirini na miwili, na hadi leo anakishika kipanya cha kompyuta kama anaingiza gea ya nne. Kabla Bi Mhuri hajafumbua mdomo, nikasimama. Nikasema niachiwe mimi. Mkurugenzi akasema basi tutaona.

Tutaona! Kwa mtu wa maneno machache kama yeye, hiyo ni ahadi kamili.

Kazi nikaianza saa nne. Nilifuta vipicha vidogo vidogo vyote vilivyojaa kwenye skrini, arobaini na kimoja kwa hesabu. Skrini ikabaki bluu tupu, inapendeza. Nafasi iliyopatikana: hakuna. Klachi akapita, akachungulia, akasema nimeng'oa vibao vya barabarani nikidhani nimepunguza magari. Klachi ni mwalimu wetu wa kuendesha. Jina kalipata kwa neno analolipiga kelele kutwa nzima. Mtu wa gereji hawezi kuelewa mambo haya.

Jioni nilimkuta mke wangu jikoni anafanya mazoezi. Mwiko ndio gea. Mifuniko mitatu ya sufuria iko sakafuni, ndiyo klachi, breki na mafuta. Yeye ni mwanafunzi wa shule yetu. Miaka sita anafagia madarasa ya chekechea, na sasa dereva wa gari la watoto anaacha kazi mwisho wa mwezi. Mwalimu mkuu kamwambia nafasi ni yake, mradi awe na leseni mkononi. Hakuna leseni, anachukuliwa mtu mwingine. Mtihani wa barabarani ni Jumatano ijayo, na fomu za wanafunzi wetu lazima ziingie kwenye tovuti ya leseni kabla ya Ijumaa hii saa sita mchana. Ukikosa mtihani huu, unaofuata ni baada ya miezi mitatu.

Nimemwambia asiwe na wasiwasi hata kidogo, mumewe yuko ndani ya ofisi. Akakanyaga mfuniko wa breki.

Jumanne, 10 Juni

Mwizi nimemkamata! Ni kivinjari.

Nieleze vizuri, kwa kuwa mimi mwenyewe nimeelewa leo. Kivinjari ni ile programu tunayofungulia mtandao. Siku zote nilidhani mambo ya mtandao yanabaki huko huko mtandaoni. Kumbe! Kila ukurasa unaoufungua, kivinjari kinachukua picha na vipande vyake kinaviweka akiba ndani ya kompyuta, ili siku nyingine visitafutwe upya. Kinaweka vijifaili viitwavyo vidakuzi, ambavyo tovuti inakutambulia ukirudi. Kinaweka manenosiri. Kinaweka historia ya kila ulikopita. Hakitupi kitu, ni mama mkwe wangu na mifuko ya plastiki. Nimekuta kimejaza gigabaiti kumi na nne.

Na hapo sijasema jambo lenyewe. Kuna orodha inayoonyesha kila tovuti imekula kiasi gani. Tovuti ya leseni: kidogo. Barua pepe ya ofisi: kidogo. Tovuti moja ya tamthilia za mapenzi: gigabaiti tisa. Tisa, peke yake, kwenye ofisi ya udereva!

Bi Mhuri akachungulia begani kwangu bila kuulizwa. Akasema, kaka yangu, si ufute data ya tovuti hiyo moja tu, dakika moja, tuendelee na kazi. Nikamtazama kwa makini. Mwepesi sana wa kufuta, huyu mama. Asiye na hatia ana haraka ya nini?

Nikangoja chai ya saa nne. Wote walipokaa, nikatangaza kwamba kati yetu yupo mtu anayetazama tamthilia saa za kazi, na kompyuta inakata roho kwa ajili yake. Sikumtaja mtu. Nilimkazia tu macho Bi Mhuri. Yeye akaendelea kukoroga chai yake. Kwa bahati mbaya wakati huo huo Mkurugenzi akapaliwa, ikabidi Klachi ampige mgongoni, na uzito wa maneno yangu ukapungua. Nilingoja apumue, nikaendelea. Nikapendekeza historia ya kivinjari isomwe hadharani, mstari kwa mstari, ukutani, kwa ile projekta ya kufundishia alama za barabarani.

Klachi akapiga makofi. Bi Mhuri akasema yeye hana neno. Mkurugenzi akasema kwani kuna haraka gani, watu wana mambo yao, tusichimbuane. Moyo wa huruma alionao mzee huyu! Lakini nilishikilia. Nikasema ofisi bila uwazi si ofisi. Akashusha pumzi, akakubali: Alhamisi, saa nane mchana.

Nimekitembelea kiti kabla ya kutoka. Nimeufungua mfuko kidogo upande mmoja. Ngozi nyeusi, safi kabisa.

Jumatano, 11 Juni

Nimekumbuka jambo wakati nanyoa ndevu. Nimejikata.

Historia ya kivinjari haichagui. Inaandika ya kila mtu. Na mimi, wakati mwingine, kazi zikipungua, huwa naiuliza kompyuta mambo mawili matatu. Nayaandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma. Niliwahi kuuliza dalili za bosi anayekupenda lakini hasemi. Niliuliza jinsi ya kuonekana una kazi nyingi. Niliuliza mhuri wa ofisi ukipotea nani anafukuzwa. Niliuliza kama msimamizi anaruhusiwa kisheria kumkataza karani kusema "kaka yangu". Hilo nililiuliza mara sita kwa siku tofauti, nikitarajia jibu lingine.

Yote hayo, kesho saa nane, ukutani. Kwa herufi kubwa kama kibao cha SIMAMA.

Nimekunywa chai bila kuionja. Halafu nikajiambia: mwanamume, jikaze. Kuna njia. Kazi niliyopewa ni kupata nafasi, si ndiyo? Nikisafisha kivinjari chote, nafasi inapatikana na historia inaondoka. Nani atanilaumu kwa kuwa na bidii? Mpango ulikuwa mzuri kiasi kwamba nilicheka peke yangu njia nzima.

Asubuhi haikuwezekana. Bi Mhuri alikuwa amekalia kompyuta anajaza fomu za mtihani. Wanafunzi ni kumi na wanne, na kila mmoja ana picha, cheti cha macho na kitambulisho vya kupandisha. Tovuti ya leseni inapokea orodha ya shule mara moja tu, yote kwa pamoja, kwa hiyo ameanza tangu wiki iliyopita, anahifadhi rasimu kidogo kidogo. Saa saba akasimama kwenda kula. Akaniambia zote kumi na nne zimekamilika, atazipitia kesho asubuhi mara ya mwisho kisha azitume. Akaniomba nisifunge dirisha lake.

Sikulifunga. Mimi ni mtu wa ahadi. Nilifungua jingine pembeni.

Futa data ya kuvinjari. Kikaniuliza ya kuanzia lini: saa iliyopita, wiki iliyopita, au wakati wote. Sina nusu nusu mimi. Wakati wote! Kikaniletea visanduku. Historia, nikaweka tiki. Vidakuzi na data ya tovuti, tiki. Picha na faili za akiba, tiki. Manenosiri, nikasita kidogo, nikaona aibu kubakiza kisanduku kimoja kitupu, tiki. Kikanionya kwamba kwa kuwa akaunti ya ofisi imeunganishwa, manenosiri na historia vitafutika kwenye vifaa vyote vinavyoitumia. Vizuri zaidi! Ushahidi uondoke kila ulipo.

Nikabonyeza. Kikazunguka, kikazunguka. Nikafumba macho. Nilipofumbua, nafasi ilikuwa imerudi, gigabaiti kumi na nne kamili, na ile alama nyekundu imekuwa ya kijani.

Nikaenda kumwarifu Mkurugenzi kwamba kompyuta imepona, ila kwa masikitiko makubwa historia imefutika, kwa hiyo kikao cha kesho hakina maana tena. Sijawahi kumwona mtu akifurahi vile kwa ajili ya nafasi ya diski. Alisimama akanipa mkono. Akanishika na bega. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama mtu akiwa amefikia sehemu ya mia moja arobaini na tatu ya kitu fulani, atajuaje sasa alipoishia. Swali la ajabu, sikuona linahusiana vipi. Nilimwambia mambo yasiyo ya kazi tuyaache kwanza.

Nimelala mchana robo saa juu ya meza. Nimestahili.

Alhamisi, 12 Juni

Leo naandika kwa shida.

Saa mbili na dakika tano Bi Mhuri akawasha kompyuta. Saa mbili na dakika sita akaniita. Safari hii hakusema kaka yangu.

Tovuti ya leseni ilikuwa inamtaka aingize nenosiri. Hakuna anayelijua. Halijawahi kuhitajika, kivinjari kilikuwa kinaliingiza chenyewe. Klachi akampigia simu msimamizi wa zamani huko alikostaafia. Mzee akasema aliliandika siku moja tu miaka minne iliyopita, kompyuta ikamwambia italikumbuka, naye akaiamini. Tukajaribu kuomba nenosiri jipya. Tovuti ikasema limetumwa kwenye barua pepe ya ofisi. Tukafungua barua pepe ya ofisi. Nayo ikataka nenosiri.

Halafu Bi Mhuri akaniuliza, taratibu, kama kile kisanduku cha data ya tovuti nilikitia tiki. Nikamwambia vyote nilivitia tiki. Akakaa chini. Akanieleza kwamba tovuti ile hairushi rasimu kokote. Inaziweka ndani ya kivinjari, hapo hapo kwenye kompyuta, mpaka zitumwe. Fomu kumi na nne. Siku sita za kazi. Ndani yake na ya mke wangu.

Niliogopa. Sijui niandike vipi vinginevyo. Nilimwona akilini na mwiko wake, anaangalia kioo cha pembeni kisichokuwepo kabla ya kugeuka.

Lakini sikukata tamaa! Kwanza nikaandika karatasi, MATENGENEZO, USIGUSE, nikaibandika kwenye skrini, ili Mkurugenzi asijue mapema. Kisha nikaanza kubahatisha. Jina la shule. Jina la shule na mwaka. Neno "klachi". Neno "nenosiri". Jina la shule kinyumenyume. Baada ya mara ya tano tovuti ikaifunga akaunti yetu mpaka kesho asubuhi.

Bi Mhuri ndiye aliyekumbuka kishikwambi. Tunacho kimoja cha zamani, kioo kimepasuka, kinakaa kwenye droo ya gari la mafunzo, hakijawashwa tangu mwezi wa tatu. Nacho kilikuwa kinatumia akaunti ya ofisi. Akasema kwa kuwa kilikuwa kimezimwa, hakijapata habari ya kufutwa, kwa hiyo la barua pepe bado litakuwemo, na kwa barua pepe tutapata jipya la leseni. Ila kisiunganishwe na mtandao, akasisitiza, kisinuse hata kidogo. Akaenda kumtafuta Klachi aje na funguo za gari.

Mimi nikaona fursa. Funguo za akiba najua zinapokaa. Kama nenosiri litapatikana, kwa nini lipatikane na Bi Mhuri? Nikakichukua, nikakichomeka kwenye umeme, kikawaka. Nikaenda moja kwa moja kwenye manenosiri. Yalikuwepo! Yote, yamepangana, yamefunikwa kwa vidoti. Nikajaribu kuyafunua, kikawa kizito, kinajivuta. Mtu yeyote mwenye akili angeona tatizo ni nini. Kilikuwa hakina mtandao. Nikakiunganisha na waifai ya ofisi ili kichangamke, nikaenda kuchukua kalamu.

Niliporudi orodha ilikuwa tupu. Kalamu ilikuwa nzuri, ya wino wa bluu.

Bi Mhuri akaingia na Klachi na funguo. Nikawaonyesha kalamu.

Mke wangu alikuwa na somo lake saa tisa. Nilimsihi Klachi afunge mdomo. Klachi hajawahi kufunga mdomo. Nimesimuliwa kwamba alimwambia wakati anarudi kinyumenyume kati ya koni mbili. Mke wangu aliingiza gari mahali pake bila kugusa koni, akaweka gea huru, akavuta breki ya mkono, akazima injini, akafungua mkanda, akatazama kioo kabla ya kufungua mlango. Klachi anasema hajawahi kuwa na mwanafunzi bora. Kisha akaja ofisini.

Akaiangalia ile karatasi ya matengenezo. Akaibandua, akaikunja mara nne, akaniwekea mfukoni mwa shati. Akamuuliza Bi Mhuri sasa kinahitajika nini. Bi Mhuri akamwambia, wifi yangu, lipo jambo moja tu: kwenda wenyewe ofisi ya leseni kesho mlango unapofunguliwa, na barua yenye sahihi ya Mkurugenzi na mhuri. Mke wangu akaenda kugonga mlango wa Mkurugenzi. Nilimfuata ili nieleze kitaalamu, akanifungia nje.

Mkurugenzi kasaini. Bi Mhuri kafungua mkoba, kapiga mhuri. Lazima nikiri ni mhuri unaopigwa vizuri.

Nyumbani sikukuta mazoezi. Mifuniko imerudi kwenye sufuria zake.

Ijumaa, 13 Juni

Waliondoka wao wawili asubuhi. Mimi niliambiwa nibaki nipange karatasi za wanafunzi, nisimame mbali na meza ya kompyuta. Klachi akapima umbali kwa hatua, akachora mstari wa chaki sakafuni.

Saa tatu na robo walirudi na nenosiri jipya, kwenye karatasi. Akaunti ilikuwa imefunguliwa. Bi Mhuri akakaa. Fomu kumi na nne, dakika mia moja sitini na tano. Mke wangu anasoma, Bi Mhuri anaandika, Klachi anapiga picha vyeti. Mimi napitisha karatasi kutoka upande wangu wa mstari.

Hapa nilikuwa na mpango wangu. Nilikuwa nimeiweka ya mke wangu juu kabisa. Akaiona, akaichomoa, akaiweka chini kabisa. Akasema wenzake walileta zao kabla yake na watafuata zamu. Nikairudisha katikati. Akaishusha tena. Hatukutazamana.

Saa tano na nusu zilikuwa zimebaki tatu. Saa sita kasoro dakika kumi na moja ikabaki moja, yake.

Na orodha inapokelewa mara moja tu. Mke wangu akamwambia Bi Mhuri atume hizo kumi na tatu. Akasema watu kumi na watatu hawawezi kuwekwa rehani kwa ajili yake, na miezi mitatu si milele. Aliyasema vizuri kabisa, sauti haikutetemeka, ila nilimwona ameushika ukingo wa meza. Miaka sita na ule ufagio. Nilitaka ardhi inipasukie. Nilitaka kusema samahani, nikaona nitawapotezea muda.

Bi Mhuri hakuinua macho. Akasema, wifi, nisomee tarehe ya kuzaliwa.

Akasoma. Dakika nane. Jina, kitambulisho, macho. Dakika nne. Picha ikapandishwa, ukurasa ukaganda. Ile duara ikawa inazunguka tu. Klachi akaanza kuomba kwa sauti. Na mimi, sijui ilikuwaje, nilijikuta nimevuka mstari wa chaki na mkono wangu uko juu ya kipanya. Nilikuwa najua tatizo! Ukurasa ukiganda ni akiba imejaa, unafuta tu, inachukua sekunde. Mke wangu akaweka mkono wake juu ya wangu. Akaubana pale pale mezani mpaka pete yangu ikaniingia kidoleni.

Duara ikaisha. Bi Mhuri akabonyeza tuma. Saa sita kasoro dakika mbili, tovuti ikajibu: imepokelewa, wanafunzi kumi na wanne.

Klachi akapiga kelele ya klachi. Bi Mhuri na mke wangu wakakumbatiana, mkoba katikati. Mimi nilienda nyuma ya gari la mafunzo nikalia kidogo, si sana. Mkurugenzi alikuwa huko huko anavuta hewa. Akaniuliza kama kweli hakuna njia kabisa ya kuirudisha ile sehemu ya mia moja arobaini na tatu. Maskini, kazi zimemchosha.

Jumatano, 18 Juni

Amefaulu! Makosa sifuri. Mtahini alimpa mkono. Wote kumi na wanne walifanya, kumi na mmoja wamefaulu.

Jioni nilimwomba msamaha, nikiwa nimesimama, nimevaa shati la kola. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema amenisamehe, ila nimwahidi kitu kimoja: nisiguse tena kompyuta ya shule ya udereva. Nimemwahidi kwa moyo wangu wote. Tumekula pamoja, amenisimulia mtihani mara tatu, kila kona.

Jumatatu, 23 Juni

Ameanza kazi leo. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi amepita mbele ya nyumba na gari la chekechea, watoto tisa ndani, mikono miwili kwenye usukani. Hakunipungia, kwa kuwa sheria haziruhusu. Nilisimama mlangoni na mswaki mdomoni nikiona fahari mpaka povu likanidondokea kifuani.

Kiti kapewa Bi Mhuri. Sina kinyongo. Nimelifikiria jambo hili kwa haki, bila upendeleo. Zamani nenosiri lilikuwa halijulikani na mtu. Leo linajulikana na watu wanne na limeandikwa kwenye bahasha yenye mhuri. Kompyuta ilikuwa inaganda, leo inakimbia. Yote haya yametokana na nani? Sitegemei shukrani. Mwenye kipaji hupata nafasi mahali pengine.

Na imepatikana! Mke wangu katika kuniambia habari za siku yake ya kwanza amesema kompyuta ya mwalimu mkuu inalalamika nafasi imejaa. Ndani yake mna kila kitu: simu za wazazi, ratiba ya gari, mtoto yupi anashushwa geti lipi. Mwalimu mkuu aliwauliza wafanyakazi kama kuna anayemfahamu fundi. Mke wangu anasema alijibu haraka sana, kabla swali halijaisha, kwamba yeye hamjui mtu yeyote anayeelewa kompyuta. Mara mbili alirudia. Unyenyekevu huu ndio ulionifanya nimpende.

Mimi nimeahidi kuhusu kompyuta ya shule ya udereva. Ile ni ya chekechea.

Nimempigia mwalimu mkuu mwenyewe. Mama mwema, kafurahi sana. Kesho saa mbili asubuhi, mke wangu akiwa bado barabarani na watoto. Yeye nimemwambia naenda kunyolewa. Mwalimu mkuu kaniuliza kama anakili mambo yake pembeni kwanza. Nimemwambia asijisumbue kuandika chochote, mimi sina nusu nusu.